Nani Mwenye Marudio? Mjadala wa Zebaki na Sayanidi katika Uchenjuaji Mdogo wa Dhahabu

Katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania, kuanzia Geita na Kahama kwenye ukanda wa Ziwa Victoria hadi Chunya kusini magharibi, uchenjuaji, yaani kazi ya kutenganisha madini na mwamba ulioyabeba, hufuata mkondo ambao kila mwenyeji wa machimbo anaufahamu. Mawe hutolewa kwenye duara, ambalo ni shimo lililoimarishwa kwa magogo yaitwayo matimba, husagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, kisha unga wake huoshwa kwenye mwalo, yaani mteremko uliotandikwa magunia au mazulia ya kunasa chembe nzito, na masalia yaliyonaswa huchanganywa na zebaki kwa mikono ndani ya beseni. Zebaki hushikamana na dhahabu kuwa donge la rangi ya fedha. Donge huchomwa, zebaki hupaa ikiwa mvuke, dhahabu hubaki. Mchanga ulioteremka bila kunaswa, ambao wachimbaji huuita marudio, hulundikwa pembeni mwa karasha na baadaye huingizwa kwenye vati, yaani matangi ambamo maji yenye sayanidi huchujika polepole kupita katikati ya mchanga na kuyeyusha dhahabu iliyobaki.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa uliosababishwa na sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu kupunguza matumizi ya zebaki na, inapowezekana, kuyakomesha kabisa. Kwa hiyo linalobishaniwa sasa ni namna ya kuiacha zebaki, na ubishi huo unasikika vizuri zaidi unapowekwa katika vinywa vya wale unaowahusu. Sauti nne zitakazosikika hapa, yaani Mhandisi wa uchenjuaji, Mchimbaji, Mwenye Karasha na Daktari, hazimwakilishi mtu yeyote mmoja. Kila moja imekusanya hoja zinazotolewa na watu wengi wa kazi hiyo.

Mhandisi ndiye anayeanza, na anaanza na hesabu ya upotevu. Anaeleza kwamba dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji ilhali kwatzi, lile jiwe jeupe linaloibeba mara nyingi, halifiki mara 3, na tofauti hiyo kubwa ndiyo inayouwezesha mwalo kufanya kazi. Lakini mwalo hunasa chembe kubwa tu, na zebaki nayo haiwezi kushika dhahabu iliyofungiwa ndani ya jiwe wala ile iliyovikwa ganda la kutu. Ndiyo sababu njia ya mwalo na zebaki kwa kawaida hutoa asilimia 30 hadi 40 tu ya dhahabu iliyomo. Uchenjuaji kwa sayanidi, kwa upande wake, umejulikana tangu mwaka 1887, ulipovumbuliwa huko Glasgow, na mawe yasiyo na ukaidi wa kikemia, yakisagwa laini na kukorogwa kwenye tangi lenye hewa ya kutosha, huachia zaidi ya asilimia 80 ya dhahabu yake. Dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na kaboni, yaani makaa maalumu ambayo aina bora hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kisha hutolewa kwenye kaboni hiyo katika mtambo wa elusheni kwa maji ya moto yenye magadi makali, na mwisho hukusanywa kwa umeme. Anahitimisha kwamba anayeendelea na zebaki anatupa zaidi ya nusu ya mali yake, na kwamba dawa ni elimu.

Mchimbaji anakubali hesabu, anakataa hitimisho. Ikichukuliwa tani moja ya mawe yenye gramu 10 za dhahabu, anasema, mwalo na zebaki vitampa gramu 3 au 4, na hilo analijua vizuri kuliko anavyodhaniwa, kwa sababu anaona jinsi mwenye karasha anavyoyalinda marudio usiku na mchana. «Bwana Mhandisi, hizo gramu 6 au 7 hazikutupwa na mtu asiyejua. Ziko kwenye lile rundo, na desturi ya hapa inasema rundo ni la mwenye karasha.» Anaongeza kwamba mawe hugawanywa kwa viroba palepale shimoni: mwenye leseni, mwenye duara, mwenye shamba na kikundi cha wachimbaji kila mmoja huchukua fungu lake, kwa hiyo mtu huenda kwenye karasha na viroba vichache tu, ambavyo haviwezi kujaza tangi la sayanidi. Zebaki humpa fedha jioni ya siku hiyohiyo. Vati huchukua siku nyingi, wakati mwingine wiki. Mtu aliyekopeshwa chakula tangu shimo lilipoanza kuchimbwa hana namna ya kuzisubiri wiki hizo.

Jibu hili linastahili kupewa uzito mkubwa kuliko linavyopewa kwa kawaida, kwa maana miradi mingi ya kuondoa zebaki imejengwa juu ya dhana kwamba mchimbaji hajui anachokipoteza. Anajua, ila hana haki juu yake. Panapokuwa na desturi ya kuacha marudio karashani, kila gramu ambayo zebaki imeshindwa kuinasa inahama kutoka kwa aliyechimba na kwenda kwa aliyesaga, hivyo udhaifu wa zebaki ni hasara kwa mmoja na ni mtaji kwa mwingine.

Mwenye Karasha anajitetea, na utetezi wake si wa kupuuzwa. Yeye ndiye aliyenunua mashine, anayelipia dizeli au umeme, anayebadilisha gololi za chuma zinazolika kila wiki, anayeleta maji kipindi cha kiangazi. Ada anayotoza kwa kila kiroba ni ndogo, na mara nyingine anasaga bure, kwa sababu anatarajia kurudisha gharama kupitia marudio. Tena hubeba hatari ya kubahatisha, kwani rundo moja linaweza kuwa na dhahabu nzuri na jingine likawa mchanga mtupu, ilhali chokaa, kaboni na sayanidi vimekwisha kugharimiwa. Wakimnyang'anya marudio, anauliza, nani atalipa bei halisi ya kusaga? Mchimbaji asiye na fedha ya chakula hataipata fedha ya kusagia kabla hajaona dhahabu.

Hapo Daktari anaingilia kwa kusema kwamba wote watatu wamezungumza kana kwamba gharama pekee ni ile inayopimwa kwa gramu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, na mvuke wake hauna harufu wala rangi. Sehemu kubwa ya unaovutwa, karibu asilimia 80, hupita mapafuni na kuingia kwenye damu, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau, kuyumba wakati wa kutembea, hasira zisizo na sababu, na kwa kuwa huja polepole, familia huzihesabu kuwa ulevi au uzee. Anakumbusha kwamba Lwamgasa, kijiji cha Geita, kilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliohusisha nchi sita mwanzoni mwa karne hii, na uchunguzi wa kitabibu uliofanyika huko ulikuta karibu robo ya wachomaji wa donge wakiwa na dalili za sumu ya muda mrefu. Donge huchomwa kwenye jiko la mkaa, mara nyingi uani au ndani ya nyumba, watoto wakiwa karibu. Duniani kote, makadirio ya Umoja wa Mataifa yalionyesha kwamba mwaka 2015 uchimbaji mdogo wa dhahabu ulipeleka hewani zaidi ya tani 800 za zebaki, karibu asilimia 38 ya yote iliyotokana na shughuli za binadamu. Na ile inayofika kwenye maji hugeuzwa na vijidudu kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki.

Kisha anawageukia Mwenye Karasha na Mhandisi kwa pamoja. Marudio yanayoingizwa kwenye vati yana mabaki ya zebaki, na sayanidi haichagui: huyeyusha dhahabu, na zebaki nayo huiyeyusha. Zebaki iliyoyeyushwa hivyo husafiri na maji kwa urahisi kuliko ilipokuwa matone mazito chini ya beseni, na sehemu inayonaswa na kaboni hurudi kuwa mvuke inapopashwa moto, ikiwakuta wafanyakazi wasiojua kwamba wanafanya kazi na zebaki. Mkataba wa Minamata unautaja utaratibu huo, yaani kutia sayanidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza, kuwa mojawapo ya vitendo vinne vinavyopaswa kukomeshwa, pamoja na kutia zebaki kwenye mawe yote badala ya masalia ya mwalo, kuchoma donge bila kunasa mvuke wake na kulichoma katika makazi ya watu. Kwa hiyo biashara yote ya marudio, kama inavyoendeshwa sasa, imesimama juu ya kitendo kilichokatazwa.

Mhandisi anadai kwamba hoja hiyo inamuunga mkono: zebaki isipotiwa mwanzoni, sayanidi itakuta mchanga safi. Daktari hamwachii nafasi ya kupumua, kwa kuwa sayanidi nayo huua, tena haraka. Maji ya vati lazima yawekwe chokaa ili kipimo cha pH, kinachoonyesha kama maji yana ukali wa tindikali au wa magadi, kisishuke chini ya 10. Kikishuka, sayanidi hutoka majini ikiwa gesi inayoweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Bwawa lisilozungushiwa uzio huua ng'ombe na ndege. Januari 2000, huko Baia Mare nchini Romania, ukingo wa bwawa la mabaki ya dhahabu ulibomoka na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanidi zikaingia mtoni, zikafika Tisza na Danube na kuua samaki kwa tani nyingi. Mhandisi anajibu kwamba tofauti iliyopo ni ya msingi: sayanidi huvunjwavunjwa na jua, hewa na dawa zinazojulikana, ilhali zebaki ni elementi isiyovunjika, na iliyomwagwa leo itakuwapo vizazi vyote vijavyo. Hapa Mhandisi ana haki, ingawa haki hiyo inadumu tu pale chokaa inapopimwa kila siku na bwawa linapokuwa limetandikwa nailoni imara, na kwenye vati nyingi mambo hayo mawili hutegemea hiari ya mtu mmoja.

Lipo tatizo jingine ambalo Mhandisi mwenyewe analileta mezani bila kuulizwa, na ambalo watetezi wengi wa sayanidi hulipita haraka. Mawe ya karibu na uso wa ardhi yameliwa na mvua na hewa kwa muda mrefu sana, yamekuwa mekundu na laini, na dhahabu yake imeachiwa huru. Duara likizidi kwenda chini na kuvuka kiwango cha maji ya ardhini, mawe hubadilika: dhahabu huonekana pamoja na salfaidi, yaani madini yenye kiberiti kama pairaiti inayong'aa njano, asenopairaiti yenye aseniki, na mara nyingine madini ya shaba. Shaba hula sayanidi kabla haijafika kwenye dhahabu. Pairaiti hula oksijeni, na bila oksijeni sayanidi haiyeyushi chochote. Dhahabu iliyotawanyika ndani ya chembe ya asenopairaiti, katika vipande visivyoonekana kwa macho, haifikiwi na maji ya aina yoyote mpaka chembe yenyewe ichomwe au ivunjwe kikemia, kazi ambayo karasha la kijijini haliwezi. Hata pasipo salfaidi, unga wenye udongo wa mfinyanzi huziba vati, maji yakakataa kushuka, na katikati ya tangi pakabaki sehemu kavu zenye dhahabu ileile iliyoingizwa. Mchimbaji aliyeambiwa kwamba sayanidi itampa asilimia 80, akapata 40, ataona amedanganywa, na hatakosea sana, kwa sababu aliyemwahidi hakulipima jiwe lake kwanza.

Kupima jiwe kuna maana zaidi ya mavuno. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walifariki kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini yalikuwa na risasi nyingi na vumbi lake lilienea majumbani. Hata kama kusingekuwa na tone moja la zebaki, vifo hivyo vingetokea. Inafaa jambo hilo likumbukwe na kila anayedhani kwamba usalama wa machimbo unakamilika pale chupa ya zebaki inapoondolewa.

Njia za kati zimejaribiwa. Ritoti, chombo kilichofungwa ambacho hupoza mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa maji, kinaweza kuokoa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, lakini wachimbaji wengi hulalamika kwamba kinachelewesha na kwamba hawaioni dhahabu yao ikiwa ndani. Boraksi, chumvi inayoshusha kiwango cha joto ambacho takataka za mwamba huyeyukia, imetumiwa kwa miaka mingi na wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino kuyeyusha masalia ya mwalo moja kwa moja bila zebaki, na ilipelekwa Chunya kwa majaribio. Inafaa pale masalia yamesafishwa sana. Masalia machafu huhitaji boraksi na mkaa mwingi kuliko faida yake.

Malalamiko kuhusu ritoti, ya kutoiona dhahabu, ndiyo yanayofungua kiini cha mjadala wote. Mchimbaji anasema waziwazi kwamba zebaki ndiyo maabara yake pekee: kikundi kizima huzunguka beseni, donge huonekana, hupimwa, hugawanywa, hakuna anayeweza kusema mwenzake ameiba. Tangi la sayanidi halina kitu cha kuonyesha. Maji yake ni maji tu, kaboni ni nyeusi mwanzo hadi mwisho, na mizani ya mwisho iko kwa mwenye mtambo. Kumtaka aache zebaki, anasema, ni kumtaka amkabidhi mtu mwingine macho yake.

Kwa nini basi mawe yasipimwe maabara na kununuliwa kwa kipimo, kama viwanda vya Chala kusini mwa Peru vinavyonunua mawe ya wachimbaji wadogo? Mhandisi anaeleza ugumu uliopo kwa mfano wa hesabu. Chembe moja ya dhahabu yenye upana wa milimita moja ina uzito wa miligramu 10 hivi. Maabara hupima sampuli ya gramu 50 kwa kipimo cha moto, yaani kwa kuiyeyusha pamoja na risasi inayokusanya dhahabu yote. Chembe hiyo ikiangukia ndani ya sampuli, majibu yatasema jiwe lina gramu 200 kwa tani. Ikiangukia nje, majibu ya mfuko uleule yanaweza kusema hakuna kitu. Mnunuzi atakumbuka jibu la kwanza kama hasara, mchimbaji atakumbuka la pili kama wizi, na wote wawili watakuwa wamepata jibu sahihi la sampuli isiyofaa.

Hata hivyo ugumu huohuo unaonyesha njia. Dhahabu ya chembe kubwa ndiyo inayoharibu sampuli, na ndiyo hiyohiyo inayonaswa kwa uzito wake bila zebaki. Ikiwa karasha lina mwalo mzuri, meza ya kutikisa au chombo cha kuzungusha kwa kasi kinachosukuma chembe nzito pembeni, chembe kubwa zinaweza kutolewa mbele ya kikundi chote, zikayeyushwa kwa boraksi na kukabidhiwa jioni ileile. Kinachobaki, yaani marudio, ni unga laini ambao dhahabu yake imesambaa kwa usawa zaidi, na unga wa namna hiyo unaweza kuchanganywa, kugawanywa na kupimwa kwa sampuli inayoaminika. Sampuli ikigawanywa mafungu matatu, moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, na moja ikafungwa lakiri kwa ajili ya mwamuzi endapo wawili hao watatofautiana, marudio yanaweza kuuzwa kwa uzito na kipimo badala ya kuachwa kwa desturi.

Mwenye Karasha halikatai wazo hilo, analiwekea masharti. Akinunua marudio kwa fedha taslimu, ada ya kusaga lazima ipande ifikie gharama yake ya kweli, na yeye lazima apate mkopo wa kulipia mchanga ambao utamrudishia fedha baada ya wiki kadhaa. Anataka pia bei ihesabiwe kwa dhahabu inayoweza kutoka, si kwa dhahabu yote iliyomo, kwa kuwa mchanga wenye shaba au asenopairaiti unaweza kupimwa vizuri maabara na kutoa kidogo kwenye vati. Madai hayo ni ya haki. La mwisho linapatikana kwa jaribio dogo la chupa, ambamo kilo moja ya mchanga huzungushwa na sayanidi kwa siku moja au mbili ili kuona ni sehemu gani ya dhahabu inayeyuka.

Mchimbaji naye anauliza nani atasimamia sampuli, kwani pale ambako mnunuzi ndiye mpimaji, malalamiko ya vipimo vilivyoshushwa hayakuisha. Hapa dola ina vyombo tayari. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi, vilivyojengwa ili wachimbaji wadogo wajifunze njia bora. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina ujuzi wa maabara. Na tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, masoko ya madini yamezoeza wachimbaji kuona dhahabu ikipimwa na kuuzwa mbele ya maofisa. Masoko hayo yaliundwa kwa ajili ya dhahabu iliyokwisha kupatikana, ilhali sehemu kubwa ya dhahabu ya mchimbaji hailifikii soko ikiwa mali yake. Meza ya sampuli ya marudio ikiwekwa kando ya mizani iliyopo, chini ya ofisa yuleyule anayeaminiwa kupima dhahabu, mchimbaji atakuwa na sababu ya kifedha ya kuiacha zebaki, kwa maana kila tone analotia litachafua mchanga ambao sasa anauuza na kushusha bei yake.

Daktari anataka jambo moja liingizwe katika masharti ya meza hiyo: sampuli ya marudio ipimwe zebaki kabla ya kupimwa dhahabu, na mchanga utakaokutwa nayo usiruhusiwe kuingia vati yoyote mpaka usafishwe. Mwenye Karasha anauliza gharama ya kusafisha marundo ya zamani, yaliyolundikwa kwa miaka mingi na yenye zebaki ya watu waliokwisha kuhama, itabebwa na nani. Kwa swali hilo hakuna hata mmoja kati ya wanne aliye na jibu.